Lori Lililobaki Dukani

Mwajuma alijua fika kwamba lori lile ni la mchezo tu, la ndani ya kompyuta, lakini alitaka liwake kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Mumewe, Mbaraka, alikuwa dereva wa kupeleka kabichi na plamu Dar es Salaam, mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi kidogo, mkono ukagoma kabisa. Tangu hapo alishinda ndani, pale kwao Magamba, hata redio hakutaka kuisikia.

Siku hizi si kila kitu cha duniani kinaingia nchini? Mwajuma alishuka Dar, akanunua kompyuta ya mtumba na sidii ya mchezo wa kuendesha malori. Hakuchukua zile za kudurufu zinazouzwa barabarani. Alichukua yenyewe, ndani ya boksi lake, na namba yake ya kufungulia, maana hakutaka kumpa mgonjwa wake kitu cha wizi.

Sasa, ukoo wa kina Mbaraka una kawaida yao. Kitu kipya, kiwe jembe au ng'ombe, hakianzi kazi mpaka mkubwa wao akianze. Baiskeli ya kwanza ya Mbaraka iliendeshwa na kaka yake Ismaili hadi Irente na kurudi, mwenyewe akiifuata kwa miguu. Kwa hiyo Mwajuma aliteremka kwanza Lushoto mjini, kwenye duka la Ismaili la kuchapa barua. Ismaili akasema bismillahi, akaiweka sidii kwenye kompyuta yake yenye intaneti, akaandika ile namba. Lori likawaka. Akaliendesha kidogo, akagonga ukuta, akalizima.

"Tayari, shemeji. Mpelekee."

Nyumbani, Mbaraka alikuwa ameoga, amevaa kofia yake ya safari. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akingoja. Mchezo ukadai intaneti, na intaneti Magamba haikuwepo. Asubuhi Mwajuma akaitia mashine ndani ya tenga la matunda, akajitwisha, akaiteremsha dukani kwa Ismaili ikaunganishwe. Jibu likaja kwamba namba hiyo imekwisha kutumika kwenye kompyuta nyingine. Nyingine ipi? Si hiyo hiyo ya Ismaili, iliyokuwa pale pale mezani!

Jamani, hebu niambieni. Mtu ananunua kitu kwa jasho lake, halafu anatakiwa kuomba ruhusa ya kukihamisha chumba? Aliyeuziwa sidii ya wizi pale stendi anacheza mpaka anasinzia, na mwenye halali yake anaulizwa yeye ni nani. Ismaili aliwaandikia wenye mchezo kwa Kiingereza chake chote. Wakamjibu kwamba ujumbe wake umepokelewa, na jibu hilo asilijibu.

"Basi aje achezee hapa dukani," alisema Ismaili.

"Hataki kutazamwa, shemeji. Na mdomo ulivyokwenda upande."

Ismaili akamsaidia kujitwisha tenga.

Mbaraka alipoelezwa, alivua kofia. "Hata la uongo limenikataa," akasema, akageukia ukutani. Mwajuma hakuwa amelia tangu hospitali. Siku hiyo alikwenda jikoni akalia, akiwa ameshika mwiko.

Ijumaa, baada ya swala, Ismaili alipanda Magamba na kanzu yake, mtu mzima yule, tenga kichwani. Ndani ya tenga ilikuwa kompyuta ya duka.

"Mchezo unaijua mashine hii, intaneti hauidai tena," alisema. "Basi mashine hii ikae hapa, mimi nichukue yenu."

"Na kazi zako, kaka?" aliuliza Mbaraka.

"Nimezihamisha. Barua za watu zinachapika hata kwenye nzee." Akainama kuunganisha nyaya. "Mimi ndiye niliyeufungia kwangu. Ningekuachia uuanze mwenyewe."

"Ungekataa, ningekuja kukulazimisha," alisema Mbaraka.

Lori likawaka, likanguruma chumba kizima. Mkono wa kulia wa Mbaraka ulipata usukani kwenye vitufe, lakini gia na breki zilikuwa upande wa pili. Aliutazama mkono wa kushoto uliolala mapajani. Mwajuma aliona, na moyo ukamuuma, ila hakumpa nafasi ya kuvua kofia. Alivuta kigoda akakaa kushoto kwake. Tangu waoane hakuwahi kupanda lori la mumewe. Mbaraka alikuwa akisema kule mbele si mahali pa mke, ni pa utingo.

"Nionyeshe breki," alisema Mwajuma.

Kona ya kwanza alichelewa kuibonyeza, wakavaa ukingo wa barabara. Alingoja agombezwe. Mbaraka akacheka, kwa mdomo ule ule wa upande, mpaka kofia ikamwangukia machoni.

"Utingo gani huyu," alisema. "Haya, tunarudi nyuma. Angalia kama kuna gari."

Mwajuma akageuka kweli, akatazama nyuma yake. Hakukuwa na gari. Alikuwepo Ismaili, amesimama mlangoni na mashine nzee ndani ya tenga, anajifuta macho kwa ukingo wa kanzu.

"Hakuna kitu," alisema Mwajuma. "Rudi tu, baba."