Minyaa ya Muthama

Muthama alipookoka, mwaka wa sitini na mbili, aliacha pombe, akaacha ugoro, kisha akang'oa ua wa minyaa ulioteremka kutoka nyumbani hadi mto Tiva. Babu yake aliupanda kwa damu ya mbuzi, na Muthama hakutaka mpaka wa shetani. Aliuchoma akiimba. Kama shetani aliungua sijui. Mpaka uliungua wote.

Sasa ni sabini na nne. Muthama yuko kaburini, mvua imekataa misimu miwili, na maofisa wa kupima mashamba wamefika Ikutha. Mjane wake, Kalunde, ana ng'ombe saba waliobaki mbavu. Akinyimwa ukingo wa mto, wiki ijayo atakuwa na ngozi saba.

"Mpaka wenu uko wapi?" ofisa akauliza.

"Ulikuwa hapa," Kalunde akasema, akionyesha mchanga mtupu.

Musyoka, binamu ya marehemu, alicheka hadi kofia ikasogea. Kanisa yeye alilipita tu akienda sokoni, na minyaa yake ilisimama wima mpaka mtoni. Alidai ukingo wote. "Shemeji, mwite Yesu aje ashike kamba ya kupimia."

Wazee wakaamua kithitu kiletwe. Kifaa hicho cha kuapia hakina mchezo: ukikipiga kwa uongo, kinaanza kuua na watoto wako. Kalunde alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kukigusa ni kufukuzwa. Lakini ng'ombe walilia. Akavua kitambaa chake cha kanisa, akakikunja, akampa binti yake Ndinda.

Mzee Ndolo akamkabidhi kijiti cha kupigia kithitu. "Haya mama, taja mpaka ulipopita."

Kalunde akakiinua kijiti, asikishushe. Ua ulichomwa kabla hajaolewa. Aliusikia tu kwa mdomo wa mumewe. Akamtazama Ndinda, kitambaa kifuani.

"Kisima nilikichimba mwenyewe pale kwenye mchanga wa mto," akasema mwishowe. "Na njia ya kukifikia. Hivyo naviapia."

"Na kwingine?" Musyoka akauliza.

"Kwingine sijui."

Akapiga. Ofisa akapima: upana wa hatua nne. Kwingine kote kukafuata minyaa ya Musyoka, kukawa kwake.

Jumapili, jina lake liliposomwa kanisani kuondolewa, Kalunde alikuwa amelala kifudifudi, kichwa ndani ya kisima, akichota kwa kibuyu. Maji yalikuwa yameshuka tena. Nyuma yake ng'ombe sita waliosalia walijipanga kwenye kijia, mmoja mmoja, kama washirika wanaosubiri meza ya Bwana.