Kioo cha Ghorofa ya Tatu

Mafundi wengine wa vioo huhesabu kwa sauti wanapobeba. Baba Pacha na mkewe? Thubutu! Miaka tisa wamebeba kwa pumzi tu: akivuta huyu, anavuta na yule, mguu unapanda. Watu husimama kuwatazama, na mke huvimba kichwa haswa.

Sasa leo, jamani, hawajasemeshana tangu chai. Mke ndiye aliyeropoka: "Nimekuchoka. Nipo kwa sababu ya kazi tu." Mume akanyamaza jii. Afadhali angefoka, maana akinyamaza hivyo hujui anawaza nini.

Na kioo chenyewe ni kirefu kuliko mtu, kinakwenda ghorofa ya tatu. Mume yuko juu, mke chini. Kikiponyoka, kinamshukia yeye shingoni.

Ngazi ya kumi, pumzi zikapishana. Yeye amevuta, mwenzake ametoa. Kioo kikayumba, kikakwaruza ukuta. Jasho likamjaa mke ndani ya glavu.

"Baba Pacha!"

Kimya. Anafanya kusudi, akawaza. Leo ananiachia. Kurudi chini hawezi, kukitua hawezi.

Kioo kikaanza kutetemeka. Akabana viwiko mbavuni, lakini wapi, tetemeko lilikuwa linatoka juu. Akachungulia kupitia kioo. Midomo ya mumewe imekauka, inafunguka na haitoi neno. Mtu huyu hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anaogopa, anaogopa vibaya sana.

"Moja," mke akasema, akiona aibu kama kibarua wa siku ya kwanza.

Akakaza vidole kwenye ukingo wa kioo.

"Moja, baba. Nawe sema."

"Mb... mbili."

Wakapanda hivyo hivyo mpaka juu, wakakiegemeza ukutani. Mume akakaa chini pwaa.

"Tangu asubuhi vidole vimekufa ganzi," akasema. "Kama unaondoka, ungeniambia baada ya kazi. Siyo kabla ya ngazi."

"Siondoki. Ulikuwa mdomo tu."

"Basi mbona unatetemeka mpaka sasa?"

Mke akaitazama mikono yake. Kweli. Akataka kumwambia ni uchovu, akakumbuka alivyodhani kule ngazini kuwa anamwachia kioo kusudi. Kioo cha pili kilikuwa bado kiko garini, na hakujua kama ataweza kusimama chini yake tena.