Nusu Saa Mpaka Pemba

Siri ilikuwa imemkaa Anena kooni kama mwiba wa samaki. Binti yake Concy alikuwa rubani. Si mhudumu wa kugawa soda, la, rubani, anayeshika usukani kwa mikono yake. Taabu ni kwamba ndege aliyoirusha ilikuwa Tanzania, na Tanzania, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, haikutajwa Kampala ila kwa kutukanwa. Ukijulikana una mtoto kule, unachukuliwa, na viatu vyako vinabaki mlangoni. Basi mumewe Opoka, sajini wa polisi, akaweka sheria: ukiulizwa, Concy anapiga taipu Nairobi.

Mwaka mzima Anena alitii. Habari za mwanawe alizipata kwa mdomo wa Rosebella, Mkenya muuza vitenge pale Kansanga, mwenye ndugu Dar es Salaam. Akishazipata anakwenda kuzifurahia jikoni peke yake, mwiko mkononi, anacheka na sufuria.

Jumamosi moja wageni wakaja nyumbani Kisugu kumposea kijana wao. Mbele alikaa Luteni Obwona, mjomba wa kijana, na magwanda yake. Ubavuni pake shangazi mtu, Apio, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Walikula wakashiba, kisha Apio akafuta mikono.

"Mama Concy, tusifichane. Msichana anapiga taipu mji wa watu, nani anajua jioni analala wapi? Lakini sisi tutamchukua hivyo hivyo. Kwa huruma tu."

Kwa huruma! Anena alimtazama mumewe. Opoka akatikisa kichwa polepole: usithubutu. Naye alijua. Alijua luteni akitoka pale na neno moja tu, kesho nyumba hiyo ni matanga. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Binti yangu anaendesha ndege," akasema. "Kutoka Unguja mpaka Pemba, kisiwa kwa kisiwa, chini bahari tupu. Ni mbali kama hapa na Masaka, na nyinyi mnajua lori linavyotutesa mpaka Masaka, asubuhi yote inaisha. Concy anafika kwa nusu saa. Huruma ya mtu haihitaji."

Apio alibaki na kitambaa mkononi. Opoka alifumba macho. Moyo wa Anena, jamani, ulikuwa umejaa pomoni, na kama ni kufa, angekufa ameshiba.

Luteni akainuka. Akaenda dirishani, akachungulia nje huku na huku, akalifunga. Kisha akavuta kiti karibu na Anena na kuketi.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "anairusha peke yake? Hakuna mwanamume pembeni?"

Anena alifungua mdomo, lakini aliyejibu ni Opoka, yule yule mwenye sheria, ambaye mwaka mzima hakuwahi kumuuliza mkewe hata siku moja habari za mtoto.

"Peke yake," akasema. "Na hiyo nusu saa ni upepo ukimpinga. Ukimsukuma, haifiki."

Anena akamgeukia. "Nani kakwambia?"

"Rosebella," akasema Opoka, akitazama vidole vyake vya miguu. "Kila Jumatatu nampitia."