Mtaa Usiolalamika

Watu wa mkandarasi wa mnara walikuja asubuhi na turubai, spika na keki. Kwenye bango waliandika: MTAA BORA KWA HUDUMA YA MTANDAO. Sisi wa bondeni tukalisoma, tukatazamana, kicheko kikaanzia kwa muuza mkaa kikaenea hadi kwa fundi viatu, ambaye ilibidi aketi chini.

Mnara wetu wa simu ulikuwa mfu. Ulisimama nyuma ya shule, umepakwa rangi vizuri, hautoi hata mlio. Betri zake zilibebwa na watu wa matengenezo, wakidai zinakwenda kupimwa. Mimi sisahau: namkumbuka hata dereva, alivyotupungia mkono akiondoka. Tangu hapo dada yangu, mkunga wa bondeni, alikuwa akiitwa kwa kelele. Mjamzito akishikwa na uchungu, mume anatoka mbio anapiga mayowe njia nzima, na si kila mara alimkuta dada nyumbani.

Sasa mkandarasi wa matengenezo alikuwa anakaguliwa. Akipata alama nzuri, mkataba unaongezwa, na sisi tunabaki na mnara wetu wa maonyesho. Meneja wake tulimwita Imetatuliwa, maana kila ukimlilia alijibu hivyo. Alishika kipaza sauti akatushukuru kwa utulivu wetu: kutoka bondeni hayakuwahi kuingia malalamiko hata moja. Nikafungua mdomo. Dada akanifinya, akaninong'oneza nimwache ajimalize mwenyewe.

Mkaguzi, mama mwenye miwani na viatu vinavyombana, akatoa simu atume alama. Kanuni yao ni kutuma ukiwa umesimama pale pale unapopakagua. Akabonyeza. Akainyanyua juu. Akazunguka turubai kama anayetafuta kuku aliyepotea, na sisi nyuma yake, tunamsaidia kutafuta.

Imetatuliwa akamwambia asijichoshe, gari lipo, wapande kilimani akatumie huko. Mama akaanza kufunga mkoba. Nikauona mkataba ukiongezwa.

"Hivyo ndivyo tunavyofanya siku zote," Imetatuliwa akaongeza, kwa raha zake.

Mkoba ukasimama nusu. "Mnafanyaje siku zote?"

"Tunapanda juu, mama. Huku bondeni simu zinasumbua kidogo."

Mkaguzi akatugeukia. "Na nyinyi mkitaka kulalamika, mnapigia wapi?"

"Kule kule," dada akasema. "Mimi nimelalamika nimeuegemea mnara wa kilimani. Wakaniambia mnara ulio karibu nami wataushughulikia."

Mama akavua miwani, akaifuta polepole. Mitambo yao huandika lalamiko palipo mpigaji. Kumbe kilio chetu chote kilikuwa kikiandikwa kwa watu wa kilimani, wenye mtandao wa kutupa, na mnara wao mzima ukitibiwa kila wiki. Akauliza nani mwingine amewahi kulalamika akiwa huko juu. Mikono ikanyooka yote, hata ya bibi asiye na simu, hata ya mwenye spika.

Akavuta kiti, akavua viatu. "Kanuni inasema nitume nikiwa hapa. Basi nakaa. Leteni betri."

Imetatuliwa alilazimika kupanda kilimani ili apige simu, na betri akazikuta huko huko: zetu, zimewekwa kama akiba ya mnara usioumwa. Tulikuwa tumeshamaliza keki lori liliposhuka na betri. Mafundi wakafunga nyaya, taa nyekundu ikawaka kule kileleni mwa mnara wetu, na mkaguzi, miguu peku, akabonyeza mara moja tu. Alikuwa ametuma sifuri. Imetatuliwa akatazama taa yake mpya kama mtu aliyejichongea jeneza.

Simu ya dada ikalia. Akaruka na mfuko wake wa kazi, makombo ya keki yangali shavuni.

"Nani huyo? Uchungu umeanza lini?"

Alikuwa fundi viatu, amesimama nyuma ya turubai. Alitaka tu kusikia inavyolia.

Dada akamtukana ukoo mzima, kuanzia babu. Kisha akajifuta midomo, akashusha mfuko.

"Kata," akasema. "Piga tena."