Tupe Mji

Mwanaarusi alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la barabara, anapuliza kuni mbichi chini ya sufuria ya mahindi ya msaada, askari wa chifu alipofika akagonga turubai lao kwa rungu. Turubai si mlango. Lilibonyea, likamwaga maji ya mvua ya jana juu ya mkeka wa mama yake.

"Wale wanaoimba ni wa hapa?" askari aliuliza.

"Hapa tunakohoa tu, baba," alisema Jumwa, mama yake Mwanaarusi, akiukamua mkeka. "Kama umesikia wimbo, ni matumbo."

Askari hakucheka. Alisema Mkuu wa Wilaya anakuja Garsen leo mchana, kuna baraza, na Chifu Kassim anataka kikundi cha Mwanaarusi kiimbe wimbo wa kushukuru chakula. "Mkiharibu, hili tuta ni la barabara. Kesho nisikute hata jiwe la jiko."

Kabla ya kuondoka alichota konzi ya mahindi kwenye sufuria, akaenda zake akiyapuliza yapoe.

Walikuwa juu ya tuta hilo tangu mafuriko ya El Nino yalipomeza mashamba ya Kulesa na nyumba zake. Maji yalipopungua yaliacha matope, mbu na homa. Mbegu zilikuwa zimeliwa. Sukari ilikuwa imepanda mpaka ikawa kitu cha kutazama dukani na kupita. Chifu mwenyewe alisimama hapo, buti zimemjaa tope, akawaambia watu wa mto kwamba watapewa Kwa Ngiri, ule mwinuko nyuma ya mji ambao maji hayakuufikia. Wakampigia makofi, masikini. Mvua zilipokatika, Kwa Ngiri palikuwa pamezungushwa seng'enge, na ndani kulikuwa na tangi jipya na ng'ombe wa shemeji yake chifu, wanakunywa maji masafi kuliko watoto wa tutani.

"Anataka shukrani," Mwanaarusi alimwambia Bonaya alipomkuta kibandani kwake.

Bonaya alikuwa fundi wa redio, kijana wa Kiorma. Ng'ombe wa baba yake, nusu walikwenda na maji, nusu wakafa kwa ugonjwa uliofuata maji. Akashika chuma cha kulehemu, kwa sababu fimbo haichungi hewa.

"Manze, hata aibu hana," Bonaya alisema. "Sasa tutaimba nini?"

"Tutashukuru. Wewe leta betri ya gari na ile spika mbovu."

Mambo yote yalianzia hapo kibandani, kwa redio. Fundi mmoja wa malori ya msaada, mzungu mwenye michoro mikono mizima, aliacha redio yake itengenezwe, asirudi tena. Ndani mlikuwa na kaseti isiyo na jina. Siku Bonaya alipoiwasha, Mwanaarusi alikuwa amekuja kuomba moto. Ikatoka sauti ya mtu anayenguruma na kupasua koo, gitaa zikikwaruza kama mabati yanayoburutwa, ngoma zinakimbia kuliko moyo wa sungura.

Mwanaarusi alisimama na kijinga chake mkononi. "Huyu anaamia ndege gani?"

Bonaya alicheka mpaka akaweka kazi chini. "Si ndege, dada. Ni muziki. Wa huko kwao."

"Usinidanganye. Huyu yuko juu ya dungu. Mpunga wake umeiva na kwelea wamemwingilia."

Tangu akiwa na meno ya utoto Mwanaarusi alikuwa akipanda dungu la shamba la mpunga, alfajiri mpaka jua kuzama, anaamia, yaani anapiga mayowe kufukuza ndege. Koo lake lilikwaruzika likabaki hivyo. Kwenye harusi wanawake walimwambia apige makofi tu, kuimba waachie wenye sauti. Basi hapo kibandani alifungua kinywa akaamia pamoja na yule mtu wa kaseti, na kuku aliyekuwa chini ya meza alitoka mbio hata leo hajulikani alipo.

Bonaya aliacha kucheka. "Rudia," alisema.

Akatafuta gitaa lililobaki na nyuzi tatu. Spika iliyoloa mafuriko, karatasi yake imechanika, akataka kuiziba kwa gundi. Mwanaarusi akamzuia mkono: iache ilie inavyolia. Pekeshe, kijana mchukuzi wa sokoni, akaja na madebe ya mafuta ya msaada, yakawa ngoma. Nyimbo zao zilikuwa fupi, hazifiki muda wa kunywa kikombe cha chai. Harusi moja iliwapa mbuzi ili wanyamaze. Mzee wa msikiti alituma mtu kwa heshima, aulize kama wana mgonjwa aletwe asomewe. Lakini watu wa tutani walikuja, wakasimama, wakasikiliza. Mwanamke aliyezika watoto wawili kwa homa alimwambia Mwanaarusi, "Ulipofika pale pa kupasua koo, mimi nimepumua." Mwanaarusi hakusahau hilo. Hasira aliyokuwa akiilalia kama kokoto chini ya mkeka, sasa ilikuwa na kazi.

Barazani, wakubwa walikaa chini ya hema kwenye viti vya plastiki, soda baridi mkononi. Watu walikaa juani. Chifu Kassim alisoma mambo mazuri ya wilaya mpaka yakaisha, halafu akasema vijana wetu wa mafuriko wana neno la shukrani.

Pekeshe aliyavamia madebe kama anayevunja mlango. Bonaya akapiga nyuzi zake tatu, na spika iliyochanika ikanguruma. Mkuu wa Wilaya akamwagikiwa na soda.

"Kitendawili!" Mwanaarusi aliamia.

"Tega," watu wakaitikia. Kinywa kiliwatangulia kichwa.

"Mto ulikula bonde ukashiba. Huyu amekula kilima na bado ana njaa."

Alilipiga hilo mara tatu, kila mara koo likishuka chini zaidi, halafu muziki ukakatika.

Mkuu wa Wilaya, mtu wa bara, alikuwa anajifuta suruali huku anatabasamu. "Chifu, jibu basi. Wewe si mtu wa huku?" Akamsogezea kipaza sauti cha baraza.

Jibu lilijulikana na kila aliyekaa juani. Chifu pia alilijua, na hapo ndipo alipokwama, maana kujibu ni kujitaja.

"Sijui," alisema.

"Basi tupe mji."

Ndiyo sheria ya vitendawili tangu utotoni. Ukishindwa unatoa mji, mtegaji anauchukua, anautembea, ndipo akupe jibu. Mji ukikataliwa, unataja mwingine.

"Chukueni Mombasa," chifu alisema, akijaribu kucheka.

"Mbali," alisema mzee mmoja juani.

"Malindi."

"Nauli hatuna."

"Haya, hii Garsen yenyewe."

"Ina maji mpaka chooni," alisema Jumwa, na Mkuu wa Wilaya alicheka kwa sauti.

Pekeshe akaanza kugonga debe moja, polepole. Watu wakashika. Tupe mji. Tupe mji. Chifu alifuta shingo. Alikuwa amekua akicheza hivi hivi na nyanya yake, na mtoto yule wa zamani ndiye aliyemtoka mdomoni.

"Basi chukueni Kwa Ngiri, mninyamazie."

Kipaza sauti kililibeba neno hilo mpaka sokoni na kule mwinukoni.

"Tumepokea," alisema Mwanaarusi. Gitaa likarudi. "Nilikwenda Kwa Ngiri. Nikakuta seng'enge. Nikauliza ng'ombe wa nani. Wa shemeji. Nikauliza tangi la nani. La msaada. Nikauliza wenye mji wako wapi. Wako tutani wanakohoa. Nikarudi, na jibu la kitendawili ni..."

Askari aling'oa waya kwenye betri.

Mkuu wa Wilaya hakutabasamu tena. Alisema mambo ya ardhi yana utaratibu wake, akatazama saa, akaingia garini. Askari walibeba spika na gitaa, na Bonaya alipoinua mkono kuzuia, alipigwa rungu la mbavu. Chifu alimsogelea Mwanaarusi karibu sana.

"Ule ulikuwa mchezo, wewe mwanamke."

"Na sisi tumecheza kwa sheria zake, chifu." Lilikuwa neno lake la mwisho siku hiyo. Koo lilikuwa na ladha ya damu.

Alipofika tutani alimkuta mama yake anakunja turubai.

"Sikimbii," Jumwa alisema kabla ya kuulizwa. "Nahama. Nimepewa mji mbele ya serikali, kwa spika."

Na wengine walikuwa wanakunja. Wakatembea kwa mstari, sufuria kichwani, wagonjwa mgongoni, Bonaya ameshika mbavu zake, Pekeshe na madebe. Jua lilikuwa linashuka walipofika kwenye seng'enge. Mlinzi alisimama ndani, fimbo mkononi.

"Nani amewaruhusu?"

"Chifu," alisema Jumwa. "Hukumsikia?"

Alikuwa amemsikia. "Karatasi iko wapi?"

"Na yeye alipopazungushia waya, alikuonyesha karatasi?"

"Mama, mimi sina amri ya kufungua."

"Usifungue." Jumwa alitandika mkeka uliolowa pale pale kwenye waya, akaketi. "Hapa sasa ni kwetu, mwanangu. Wewe ukitaka kutoka, piga hodi."

Gari la chifu lilikuja kwa kasi, likasimama. Askari wakashuka. Yule wa asubuhi alipita kati ya masufuria, anayapiga teke moja moja.

"Nani amewaleta hapa?" alipaza sauti. "Nauliza, nani?"

Mwanaarusi alifungua kinywa, sauti haikutoka. Akanyoosha kidole. Mama yake akanyoosha chake, na Bonaya, na Pekeshe, na yule aliyezika watoto wawili, na wote waliokuwa nyuma yao, mpaka askari naye akageuka kutazama ndani ya gari, ambako chifu alikuwa anapandisha kioo.