Bendera ya Ngao

Hashimu alifungua kasha la tatu, akaingiza mkono chini ya majani makavu, akautoa umelowa. Nyanya za juu zilikuwa nzima, za katikati zimepasuka, za chini zimekuwa uji. Akazichagua moja moja: nzima kwenye ndoo, za kupika leo kwenye karai, zilizooza kwenye shimo la mbolea. Makasha yalikuwa kumi na mawili.

Mwanahamisi, mwenye nyanya, alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa kasha, naye akichagua. Tangu Hashimu alipopiga hodi, akamwamkia shikamoo na kuitikiwa marahaba, hawakuwa wamesemezana. Bibi hakumuuliza amefuata nini. Hilo ndilo lililomchoma Hashimu. Angetukanwa, angepata pa kuanzia.

Maana nyanya hizi zilioza kwa sababu yake.

Hashimu ndiye katibu wa wakulima wa kijiji chao, kwenye barabara ya kupanda Shume, na ndiye msimamizi wa kundi lao la WhatsApp. Jioni ya kuamkia siku ya gari, kila mtu huandika humo idadi ya makasha yake na kuweka bendera. Bendera ya Tanzania maana yake mzigo unapanda gari la pamoja kwenda Dar. Bendera ya Kenya, ile yenye ngao katikati, maana yake mzigo una mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka. Mwanzo wa msimu walikubaliana ile ya ngao isionekane tena, kwa sababu mwaka jana gari liliondoka nusu tupu na dereva akaapa kutorudi.

Jumanne, Mwanahamisi aliandika makasha kumi na mawili na bendera ya Tanzania. Baada ya muda akaandika tena, "Kesho alfajiri inshallah," na bendera ya Kenya.

Hashimu, mtu anayepima kasha mara mbili kabla ya kuandika uzito, hakuuliza. Aliandika: "Kumbe kwa wengine makubaliano ni ya mdomoni. Anayetaka nje, aende nje." Akamtoa kwenye kundi. Kassimu, jirani yao, akaweka bendera nane za Kenya na picha ya begi: "Tusalimie wanunuzi, bibi!" Watu wakamwaga vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Hashimu naye aliweka kimoja. Asubuhi akalifuta jina la Mwanahamisi kwenye orodha, na gari likayapita makasha yake kando ya barabara. Yakanyeshewa, yakapigwa jua, siku nne.

Leo mchana mkewe, Rahma, ndiye aliyemwambia. Salama, binti wa Mwanahamisi aliyeolewa Voi, huko Kenya, alijifungua kwa kupasuliwa. Mama yake alipigiwa simu ile Jumanne jioni, akapanda basi la kwanza.

"Mama," Hashimu alisema. "Ile Jumanne..."

"Hiyo tupa, ina funza."

Akaitupa. "Nilidhani umeuza nje."

"Najua ulichodhani. Nimefika Mombo, Kassimu ananipigia kuniuliza Wakenya wananunua kwa bei gani. Nikasema huyu naye, utani hauishi. Nafungua kundi niwaambie mniombee mwanangu dua, silioni."

"Ungenipigia, mama."

Neno lilipomtoka tu, akatamani kulirudisha.

"Nikupigie mimi?" Mwanahamisi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Hizo bendera nani alinifundisha?"

"Mimi."

"Ulisemaje?"

Hashimu alikumbuka vizuri. Alijifunza simu mwenyewe, kisha akawafundisha akina mama wa kijiji mmoja mmoja. "Nilisema bendera ni mahali. Ukiiweka, huna haja ya maneno mengi."

"Basi. Nami niliweka mahali."

Hashimu aliinamia kasha. "Nisamehe, mama."

"Hapa tuko wangapi?"

"Wawili."

"Na kule?"

"Arobaini na mmoja."

Bibi aliendelea kuchagua. Hashimu akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu. Akaandika, kidole kikiteleza kwa maji ya nyanya.

"Soma."

"Ndugu wakulima, Jumanne kulitokea kutoelewana..."

"Nani hakuelewana na nani?"

Akafuta. Akaandika upya, polepole, kisha akasoma kwa sauti iliyokuwa ikififia: "Mimi Hashimu nilimsingizia Mama Salama bila kumuuliza. Alikwenda kumuuguza binti yake. Nyanya zake zimeozea barabarani kwa kosa langu. Namwomba radhi mbele yenu."

"Tuma."

Akatuma. Alama zikageuka bluu. Kassimu akaonekana anaandika, akaacha.

"Nikurudishe kwenye kundi?"

"Tutaona. Na mtoto hujaniuliza."

Masikio ya Hashimu yalipata moto. Kweli, hakuwa ameuliza. "Ni... wa kike?"

"Wa kiume. Mama yake bado hajaweza hata kukaa."

Hashimu akafungua kasha la tano. Walipolimaliza, ukungu ulikuwa umeshashuka hadi kwenye migomba, na nyanya nzima haikutofautiana tena na mbovu. Wakaacha.

"Yamebaki saba," alisema. "Nitakuja kesho baada ya sala ya alfajiri."

"Uje na ndoo yako," Mwanahamisi alisema akiingia ndani. "Yangu imejaa."