Picha ya Upande wa Migomba

Nyumba yetu ya Sironga ilikaa mtandaoni ikitafuta mnunuzi tangu tupande mahindi mpaka yakachanua, na hakuna mtu aliyepiga simu ya maana. Madalali ndio, hao hawakosi. Na jamaa mmoja aliyetaka tubadilishane na pikipiki. Pikipiki! Nyumba yangu ya kwanza, niliyoijenga nikiwa bibi harusi wa juzi juzi, nikimbebea fundi maji kwa kichwa changu mwenyewe! Nilimjibu maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hafai kuyasema, na Osoro, ambaye ndiye mzee wa kanisa mwenyewe, akatoka nje akajifanya anaangalia mbwa.

Osoro, mume wangu, ndiye aliyetaka tuuze. Alikuwa ameona shamba kule Nyansiongo, ardhi tambarare, nyasi mpaka magotini. Mwenye shamba amekubali kumngojea, lakini si milele. Osoro ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila jioni akirudi alikuwa ananisimulia ng'ombe ambao hatuna. Mmoja alishampa jina. Simlaumu. Mtu amefundisha watoto wa wenyewe mpaka nywele zimeanza kuwa nyeupe, anastahili ng'ombe.

Mimi nina duka la mapazia Kisii mjini. Jirani yangu wa duka, Beverlyne, huuza viatu, lakini pembeni huwatangazia watu ploti na nyumba kwa simu yake, na zinaenda. Nikamwonyesha tangazo letu. Akaangalia picha, akaangalia tena.

"Nani alizipiga hizi?"

"Osoro."

"Alikuwa anakimbizwa?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini kweli, zilikuwa aibu. Picha ya sebuleni unaona mguu wa Osoro. Ya jikoni, sufuria ya ugali haijaoshwa. Na ya nje, kwenye kamba, mbele ya dunia nzima, petikoti langu la zamani linapepea.

"Dada, hapa mnauza nyumba ama mnauza nguo za ndani?" Beverlyne akaniuliza. "Jumapili nakuja. Mfyeke majani, mpige deki, na huyo mwalimu asiguse simu."

Akaja asubuhi, kabla ya ibada, jua likiwa bado la upole. Nilikuwa nimetoa mapazia mapya dukani nikayatundika, bei nimezificha kwa ndani. Beverlyne akatuhamisha viti, akafungua madirisha yote, akapiga picha akiwa amechuchumaa, akapiga akiwa amepanda juu ya stuli. Akaandika upya maelezo: vyumba vitatu, tanki la maji, umeme, hatua chache kutoka lami. Nilipoona sebule yangu kwenye simu yake, haki ya Mungu, nilitamani kuinunua.

Kisha tukazunguka nyuma, upande wa migomba. Hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote kwetu. Kunateremka polepole, unaona majani chai ya majirani mpaka ng'ambo ya mto. Beverlyne akainua simu, akaishusha.

"Na hili?"

Alikuwa anauliza juu ya kaburi la dada yangu, Bonareri.

Niseme wazi, ndio mtu asije akanielewa vibaya. Kwetu msichana hazikwi kwa baba yake. Anazikwa kwa mume. Asiyekuwa na mume, hapo ndipo maneno huanza. Bonareri alimzaa Linda, na baba ya Linda hakuwahi kuleta hata mbuzi. Alipokufa, ndugu zetu, kaka yetu Nyamongo kifua mbele, wakasema shambani kwa baba hawezi kulala, labda nje ya ua, kule karibu na barabara. Kule kunakotupwa majani ya ng'ombe! Nilipiga kelele siku hiyo mpaka sauti ikakauka. Niliwaita majina. Nyamongo mpaka leo hanisalimii vizuri, na sijali. Ni Osoro aliyesimama, akiwa mkwe tu, mtu ambaye hakutakiwa hata kukohoa kwenye mambo ya boma lile, akasema, "Shemeji yangu aje kwangu." Siku hiyo nilimpenda kuliko siku ya harusi. Na Linda, akiwa kasichana ka darasa la kwanza, alikuwa ameshika sketi yangu anasikiliza yote. Tukamlea. Sasa anasomea uuguzi Nakuru, na kila akija likizo kitu cha kwanza ni kwenda nyuma ya nyumba na brashi na maji, asugue saruji ya mamake.

Nilimweleza Beverlyne haya yote. Alinisikiliza, si mtu mbaya. Akaniambia, "Pole, dada. Lakini mteja akiona kaburi la mtu asiyemjua haulizi hata bei. Wewe ungenunua?"

Nisingenunua. Huo ndio ukweli. Hakuna Mgusii, hakuna mtu wa kwetu, atanunua.

"Piga upande mwingine, basi," nikasema.

"Upande mwingine kuna choo. Hapa ndipo kuna picha ya kuuza." Akapiga. Akanionyesha kitu kwenye simu. "Ukipitisha kidole hapa, simu yenyewe inajaza nyasi. Nikufanyie?"

Nikasema, "Lete." Sijui kwa nini nilisema lete. Labda niliona ni afadhali mkono wa ndugu kuliko mkono wa mtu wa nje. Nikaanza na msalaba. Ukaenda mara moja, kama haujawahi kuwa. Saruji nayo ikaenda. Mahali pa jina pakakataa, pakabaki peusi kama mahali palipomwagwa majivu, nikarudia, nikarudia tena, mpaka nyasi zikaja. Sitasema sikujua ninachofanya. Nilijua kila kidole kilipopita.

Osoro aliiangalia ile picha, akanirudishia simu. Halafu akasema, "Mteja tutamwambia akija mwenyewe, ana kwa ana."

"Na Linda?"

"Linda tutamwambia akifunga chuo."

"Na Bonareri tutamhamisha? Tumpeleke Nyansiongo?"

"Tutaona," akasema.

Wote wawili tunajua kufukua maiti si kuhamisha kabati. Kuna korti, kuna watu wa afya, kuna wazee, na kuna macho ya watu. Lakini nilishikilia hiyo "tutaona" kwa mikono miwili, kwa sababu bila hiyo ningelazimika kufikiri.

Basi simu zikaanza. Jameni, zililia! Watu wa Kisii, watu wa Keroka, mwalimu mkuu fulani, mtu aliyeko ng'ambo. Osoro akawa anatembea akipiga mluzi. Mzee mmoja mwenye sauti ya upole akaniuliza moja kwa moja kama ploti ina kaburi. Nikasema, "Halo? Halo? Mtandao unapotea, mzee," nikakata. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Nikaacha kupita nyuma ya nyumba. Nguo nikaanika mbele. Ndizi, na hili linanitia aibu kulisema, ndizi nikaanza kununua sokoni. Mwanamke wa Kisii, migomba yake imeinama kwa uzito, anabeba ndizi za kununua kwenye gari mpaka Sironga! Osoro alizila na hakuuliza. Hilo nalo lilinikasirisha. Kila kitu kilinikasirisha siku zile. Nilimfokea mpaka fundi wangu wa cherehani, mama wa watu, kwa sababu ya pindo.

Kisha akapiga msichana mmoja. Nilikuwa dukani, mteja amesimama mbele yangu ameshika pazia la rangi ya maziwa anapima na mkono. Yule msichana kwenye simu akasema anatafutia wazazi wake nyumba, sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa. Akaniuliza maji. Nikamwambia. Akaniuliza barabara wakati wa mvua. Nikamwambia. Nikaanza kumpenda.

"Na makaburi, mama? Wazazi wangu hawataki mahali pana kaburi."

Ningesema mtandao. Lakini yule mteja wa pazia alikuwa ananiangalia, na Osoro alikuwa amenipigia asubuhi kuniambia mtu wa Nyansiongo amepata mnunuzi mwingine, na nilikuwa nimechoka kukwepa.

"Hakuna kaburi, mami," nikasema. "Hapo hajazikwa mtu."

Nikasikia simu inapewa mtu mwingine.

"Anti. Ni Linda."

Nilishika meza.

"Aliyekuwa anaongea ni rafiki yangu Valentine," akasema. Hakuwa analia. Afadhali angelia. "Ndiye aliyeniletea picha. Akaniuliza, si hii ni kwenu, ile ya kwenye picha zako? Nikamwambia hapana, inafanana tu, kwetu kuna mama yangu. Tukabishana. Namba sikutaka hata kuiangalia, nikamwambia sawa, piga uulize. Anti, nilikuwa naomba apokee mtu mwingine. Nilikuwa naomba kabisa."

"Linda, mwanangu, ngoja nikueleze..."

"Kumbe ni kwetu," akasema, na akakata.

Yule mteja aliniuliza kama nitampunguzia. Nilimwambia achukue, aende tu. Nikakaa juu ya bunda la vitambaa nikampigia Linda, na nikampigia, na nikampigia. Hakushika. Nikaenda kwa Beverlyne nikamwambia atoe tangazo.

"Dada, kuna mtu anataka kuja na wakili!"

"Toa!" Nilipiga kelele mpaka watu wa duka la mbegu wakachungulia. Akatoa.

Nyumbani nilimwambia Osoro yote, nikiwa bado nimesimama mlangoni na mkoba. Tuligombana, tusidanganyane. Akasema, "Ni kidole chako kilichofuta." Nikasema, "Ni mdomo wako uliosema tutaona." Tukaumizana hivyo mpaka maneno yakaisha. Kisha akachukua simu akaenda kusimama karibu na lango. Aliporudi akasema, "Nimemwambia mtu wa Nyansiongo auzie huyo mwingine." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaona sasa nimewakosea wawili, yeye na Linda, na Linda hashiki hata simu anisikie nikiomba msamaha.

Siku zilizofuata nilimtumia Linda ujumbe. Nisamehe. Tangazo limetoka. Hatuuzi tena. Njoo nyumbani. Hakujibu hata mmoja. Nilienda nyuma na brashi nikasugua ile saruji mwenyewe, nikapanda maua pembeni, na nilipokuwa napanda nilijua kabisa ninayapanda ili Linda ayaone. Hata toba yangu nilikuwa naipanga kama sebule ya kupigwa picha. Niliketi pale kwenye udongo nikajichukia.

Akaja Jumapili moja, bila kusema anakuja. Amekonda. Akatusalimia vizuri, mimi na Osoro, kwa heshima yote, akaweka begi lake mlangoni, akaenda nyuma. Alikaa huko muda mrefu. Sikuthubutu kumfuata. Niliivisha matoke, nikachinja kuku, nikamwaga chumvi, nikaokota chumvi.

Aliporudi aliketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kile tunachowapa wageni. Osoro akakohoa, akasema, "Linda, tulikosea. Hatuendi popote. Hapa ni hapa."

"Asante, anko," akasema Linda.

Nikaanza kulia. "Nisamehe, mwanangu. Sijui shetani gani aliniingia."

"Nimekusamehe, anti. Sijaja kugombana." Aliangalia mikono yake. "Nimekuja kuomba kitu. Nikimaliza chuo, nikianza kazi, nitatafuta kaploti. Hata kama ni kadogo, hata kama ni mbali. Nikishanunua, nitamchukua mama. Nimeuliza, nimeambiwa inawezekana mtu akifuata sheria. Sasa naomba tu, mpaka siku hiyo, mnisaidie kumweka."

Kumweka! Niliwapigia ndugu zangu kelele mpaka nikapoteza sauti, ili mtoto huyu asije akaomba mtu yeyote kitu kama hicho. Na sasa ananiomba mimi. Nilitaka kumwambia maneno mengi. Nilitaka kumkaripia, kwamba hapa ni kwenu, kwamba mamako hatoki, kwamba unaongea upuuzi. Mdomo ulifunguka na sikupata neno hata moja ambalo sikuwa nimelikana kwa simu.

"Sawa," nikasema.

"Asante sana, anti. Mungu awabariki."

Tukala. Alisifu kuku. Osoro akamwuliza masomo, akajibu. Alipomaliza alibeba sahani zetu zote akaenda kuziosha, akazifuta, akazipanga. Kisha akasimama mlangoni pa jikoni, amekunja kitambaa mkononi, akaniuliza kama anaweza kulala, ama arudi Nakuru na gari la jioni.

Chumba chake kiko pale. Kitanda chake kiko pale, na blanketi lake la tangu utotoni liko juu yake. Na mtoto alikuwa amesimama ananiuliza kama anaweza kulala.